Somo: tengeneza kle ya kufungulia mashini mbele usahau modepasi

Bandugu, hii kazi inafanywa wakati modepasi ungali unaikumbuka, ukishaisahau umechelewa. Mi nilichelewa. Fundi mmoja hapa Lubumbashi alinipangia Windows upya, mashini ikapona, picha za ndoa ya dada yangu zikaenda.

Kwanza angalia konti yako. Ukiingiaka na adresi ya barua pepe, ni ya Microsoft. Ukiingiaka na jina tu, ni konti ya mashini yenyewe, na hiyo njo ya kutengenezea kle.

Chomeka kle USB, pale pa kutafutia andika "disque de réinitialisation", fungua, fata. Itakuomba modepasi ya sasa, kisha itaandika fichi moja ndogo, userkey.psw, bintu bingine bya kle haibigusi. Hata ukibadilisha modepasi mara kumi nyuma ya pale, hiyo kle itafungua tu, ila ukitengeneza mpya ile ya zamani imekufa. Usiiweke kwa sakosh ya mashini! Mwizi atabeba mlango pamoja na funguo.

Kuko pia maswali matatu ya siri, kwa Windows 10 na 11. Usijibu ukweli, mtaa wote unajua ulizaliwa Likasi. Jibu uongo wenye hautausahau.

Kwa konti ya Microsoft weka nimero ya telefone na adresi ya pili ya barua pepe, za kukufungulia ukisahau, na hapa njo wengi tunaanguka, juu sim ya zamani ilishakatwa na nimero ingali imeandikwa pale. Badilisha sasa, maana ukikuja kuzibadilisha zote siku umefungiwa inje, watakungojesha siku 30.

Na kama BitLocker, ile inafungaka diski yote ya mashini, iko inafanya kazi, tarakimu 48 za kuifungulia ziandike kwa karatasi, ziache nyumbani.

MASWALI

– Yaya, kle moja inatosha mashini yangu na ya bibi?
Hapana. Kila konti na kle yake, ya pili itafuta ya kwanza.

– Mi nilishasahau na sikutayarisha kitu, nifanye je?
Kama kuko konti ingine ya admin ndani ya mashini, mwenyewe anaweza kukuwekea modepasi mpya. Kama hakuna, mbele fundi aguse kitu mwambie atoe fichi zako aziweke kwa diski ingine. Mwambie mara mbili.

– Na ile ya BitLocker nikiikosa?
Ingia kwa konti yako ya Microsoft na telefone, mara mingi inakuwaka imehifadhiwa kule. Isipokuwa kule wala kwa karatasi, fichi zimeenda, hata fundi hana dawa.