Kabla hujaenda kusikiliza koto Japani

Tiketi za maonyesho ya muziki wa jadi Japani, koto (ala ya nyuzi ya huko) ikiwemo, mara nyingi huwa na saa mbili: ya kufunguliwa milango na ya kuanza muziki. Wewe shika ile ya kwanza. Ukichelewa utangoja nje mpaka kipande kinachopigwa kiishe, na vingine ni virefu.

Ulizia mapema mtaketi vipi. Ukumbi wenye viti hauna shida. Hekaluni au kwenye nyumba ya zamani mtaketi juu ya mikeka ya tatami na viatu vitabaki mlangoni, kwa hiyo kagua soksi ungali nyumbani. Mimi tundu la kidole gumba nililiona nikiwa kizingitini, watu nyuma yangu wakisubiri. Kupiga magoti muda wote humtia ganzi asiyezoea. Omba kiti kidogo, wala si aibu, wazee wa huko huko huomba.

Kimono si lazima. Manukato makali uyaache, na simu izime kabisa.

Kwa sisi tuliolelewa na taarabu, kazi ni kuituliza mikono. Huko hakuna kutunza: usiinuke kumpelekea mpigaji noti jukwaani, hata akikuchoma moyo vipi. Kama mnajuana, mwachie sanduku la vitamu mapokezi. Makofi nayo yana wakati wake. Mlio wa uzi huachwa ufifie wenyewe, na kimya kile ni muziki bado. Subiri mpaka mpigaji ainame.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, sikiliza Rokudan no Shirabe, tungo ya koto inayonasibishwa na mwanamuziki Yatsuhashi Kengyō (1614–1685). Haina maneno. Ina sehemu sita, huanza polepole kisha mwendo ukakazana bila wewe kujua umekazana lini.

Ukiweza kuchagua, kaa mbele. Koto ni gogo la mti wa kiri, urefu unakaribia sentimita 180, lenye nyuzi 13, kila uzi na kidaraja chake. Mkono wa kulia hudonoa kwa kucha tatu za kuvaa. Wa kushoto hukandamiza uzi ng'ambo ya kidaraja, na sauti ikapanda kama mtu anayevuta pumzi. Wimbo ukibadilika, vidaraja navyo husogezwa kidogo kidogo, sikio likiwa limeinamishwa. Aliyekaa nyuma haoni hayo, anaona migongo ya walio mbele na ubao tu.