Namna ya kupekua uongo unaofanana na ukweli

Uongo wa kijinga hujifichua wenyewe. Unaotupa kazi sisi wahakiki wa habari ni ule uliojengwa kwa vitu vya kweli: picha halisi iliyopachikwa kwenye tukio jingine, takwimu sahihi iliyonyofolewa nusu, kauli ambayo mhusika aliitamka kweli, ila miaka kumi iliyopita. Mbele ya vitu hivyo, kujiuliza “hii inaaminika?” hakukusaidii chochote, kwa sababu imetengenezwa iaminike. Uliza imetoka wapi. Nitakuonyesha ninavyofanya.

Hatua ya 1: Jikague wewe kwanza

Habari ikikupandisha hasira, ikikutia hofu, au ikikufurahisha kwa kuthibitisha ulichokuwa ukikisema siku zote, usiitume bado. Hiyo furaha ndiyo inayonasa watu wengi wenye akili zao, maana hakuna anayependa kupekua kinachomuunga mkono.

Usiruhusu pia mazoea yawe ushahidi. Mwaka 1977 watafiti Hasher, Goldstein na Toppino walionyesha kwamba sentensi ikirudiwarudiwa, watu huiona ya kweli zaidi, hata ikiwa si ya kweli. Ukiikuta habari ileile katika makundi matano ya WhatsApp, ulichonacho ni nakala tano za ujumbe mmoja. Shahidi bado hujampata.

Hatua ya 2: Andika dai kwa sentensi moja

Nani, amefanya nini, wapi, lini. “Wanasayansi wamegundua” haikaguliki mpaka ujue ni wanasayansi gani na walipima nini. Uzushi mwingi huishia hapa, kwa sababu nafasi ya “lini” inabaki tupu.

Hatua ya 3: Toka kwenye ukurasa huo

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari wakiwa mbele ya tovuti wasizozijua. Wasomi wengi walibaki palepale, wakisoma kwa makini na kutazama nembo na mpangilio. Wahakiki waliondoka haraka, wakafungua vichupo (tabs) vipya na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu tovuti hiyo. Walifikia jibu sahihi mapema zaidi. Fanya hivyo: andika jina la tovuti kwenye kitafutio, kisha usome yaliyoandikwa na wasiohusika nayo.

Hatua ya 4: Irudishe picha nyumbani kwake

Hapa usiwe na haraka. Hifadhi picha, ipandishe kwenye Google Lens, kisha kwenye TinEye (zote ni zana za kutafuta picha hiyohiyo ilikowahi kuonekana mtandaoni), na huko TinEye upange matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Ikiwa ni video, isimamishe penye alama inayotambulika, kama bango au jengo, upige skrinshoti, na utafute kwa hiyo.

Chukua ile picha ya papa anayeogelea kwenye barabara iliyofurika. Ilisambaa wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, ikasambaa tena wakati wa Harvey mwaka 2017, kila mara ikipewa mji mpya. Papa mwenyewe ni wa kweli. Alipigwa picha na Thomas Peschak baharini Afrika Kusini, akiifuata kayaki, na picha hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Mtu alimkata papa na kumbandika barabarani.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 2022, wakati wa kimbunga Ian, ilitoka video ya samaki mkubwa anayefanana na papa kwenye maji ya mafuriko huko Fort Myers, Florida. Wengi waliikataa papo hapo kwa sababu ya uzushi wa zamani. Shirika la habari la AP lilimpata aliyeirekodi, likakagua taarifa za faili lake la awali, na video ikathibitika kuwa halisi, ingawa wataalamu hawakukubaliana kama kweli alikuwa papa. Anayekataa kila kitu naye hajahakiki chochote.

Hatua ya 5: Tafuta namba iliyofichwa

“Hatari imeongezeka maradufu.” Kutoka ngapi? Kutoka mtu 1 hadi watu 2 kati ya 10,000 ni maradufu pia. Usikubali asilimia isiyo na msingi wake.

Hatua ya 6: Kwa picha za akili mnemba (AI), tafuta kamera ya pili

Zamani programu hizi zilikosea kuchora vidole vya watu, ila sasa kuvihesabu kunazidi kupoteza maana, zimejirekebisha. Tarehe 22 Mei 2023 picha ya aina hiyo, ya moshi karibu na Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilisambaa, na bei za hisa Marekani zikayumba kwa muda mfupi kabla ya zimamoto wa Arlington, eneo ilipo Pentagon, kutangaza kwamba hakuna mlipuko. Tukio kubwa mahali penye watu wengi hupigwa picha na wengi, kutoka pande tofauti. Ukiona picha moja tu, ya upande mmoja, subiri.

Hatua ya 7: Toa uamuzi, kisha usahihishe

Majibu ni matatu: kweli, uongo, haijathibitika. La tatu ni jibu halali kabisa, na habari ya aina hiyo haitumwi.

Ukimsahihisha ndugu au rafiki, mfuate faraghani, umpe kiungo cha chanzo asilia, na uanze na ukweli wenyewe kabla ya kuutaja uongo. Ukilazimika kuonyesha picha ya uzushi, ichore mstari mwekundu juu yake kwanza, la sivyo itachukuliwa hapo na kuendelea na safari. Na ikiwa wewe ndiye uliyeisambaza, kufuta peke yake hakutoshi: andika masahihisho katika kundi lilelile ulikoituma.