Somo: Gougère, vitonge vya jibini vyenye mboga ndani

Gougère ni kitafunio cha Bourgogne, Ufaransa. Kule huliwa vitupu, vingali vuguvugu. Mboga nimeongeza mimi, na nyumbani kwangu sasa hakuna anayevitaka bila mboga.

Hakuna hamira hata chembe. Kinachoviumua ni mvuke wa maji na mayai yaliyomo ndani ya unga. Shika hilo, hatua zote utazielewa.

Mahitaji: maji mililita 250, siagi gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai, unga wa ngano gramu 150, mayai 4, jibini ngumu iliyokunwa gramu 100, pilipili manga kidogo.

1. Chemsha maji, siagi na chumvi. Siagi iyeyuke yote ndipo yachemke, la sivyo maji yatapungua bure.

2. Epua, mimina unga wote kwa mkupuo, songa haraka kama ugali.

3. Rudisha kwenye moto mdogo, endelea kusonga dakika 2 hadi 3. Usiruke hatua hii, nakuomba. Donge liachane na sufuria, na chini kubaki utando mwembamba. Donge lenye majimaji litakataa mayai.

4. Acha lipoe kidogo, yai lisije likaiva. Tia yai moja moja, ukikoroga mpaka limezwe. La mwisho lipige pembeni, utie kidogo kidogo. Inua mwiko: unga ukining'inia kama pembe tatu, basi, hata kama yai limebaki. Unga hutofautiana, jicho lako ndilo kipimo.

5. Changanya jibini na pilipili manga. Chota vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, viachanishe kwenye treya.

6. Choma nyuzi 200 dakika 15, kisha 180 dakika 12 hivi. Usifungue tanuri dakika 20 za mwanzo. Vikiiva, toboa kila kimoja ubavuni, uvirudishe dakika 5 tanuri likiwa limezimwa.

Mboga: kaanga kitunguu, karoti na pilipili hoho zilizokatwa ndogo ndogo, tia mchicha uliokamuliwa. Zikauke kabisa, kisha changanya na jibini laini vijiko 3, ujaze ndani ya vitonge vilivyoiva.

MASWALI

— Dada, vyangu viliumuka vizuri, nilipovitoa tu vikanywea.

Vilitoka mapema, mpenzi. Usitazame rangi ya juu tu, tazama mipasuko: ikiwa ingali myeupe, ndani ni vibichi. Kilichoiva ni chepesi mkononi.

— Jibini gani? Huku ninayoipata ni cheddar tu.

Asili yake ni Gruyère au Comté, ila cheddar ngumu inafaa sana. Mozzarella iache, ina maji mengi.

— Sina tanuri. Naweza kukaanga kama kaimati?

Unaweza. Wafaransa wenyewe hukaanga unga kama huu, ila wao huula na sukari. Punguza jibini iwe nusu isiungue, fanya vitonge vidogo, mafuta yawe na moto wa wastani.

— Nataka vya futari. Nivitayarishe lini?

Vigandishe vibichi kwenye treya, vikishakuwa vigumu vitie mfukoni. Vichome vikiwa na barafu yake, ongeza dakika 4 hivi. Mboga pika asubuhi uziweke kwenye friji, na ujaze adhana ikikaribia. Ukijaza mapema vitalowa.