Kulala juu ya matumbawe Pemba: angalia mwezi kwanza

Kwa wanaopanga kulala kwenye kile chumba kinachoelea kule Makangale, kaskazini mwa Pemba: kabla hujalipia, tazama mwezi. Chumba kina sehemu tatu: paa la kutazamia nyota, sitaha usawa wa bahari, na chini kitanda kilichozungukwa na vioo, kama mita 4 ndani ya maji. Raha yote iko kwenye vioo hivyo, na vioo vinategemea maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana. Mkondo hukaza na maji huweza kuchafuka. Chagua maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu.

Usiku zima taa zote za ndani, hata ya simu, la sivyo utaona uso wako tu kiooni. Acha za nje. Mwanga wake huvuta vijidudu vya baharini, vijidudu huvuta samaki wadogo, kisha ngisi huja kuwinda. Mpe macho muda, picha utapiga baadaye. Ngisi akibadilisha rangi mbele yako, hutataka kulala!

Anayelevywa na bahari ameze dawa saa nzima kabla ya kupanda boti, maana tumbo likishachafuka dawa haisaidii sana. Juani vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya kukinga jua, kwani baadhi yake hudhuru matumbawe. Na ukiwa umezamia kwa mtungi wa hewa mara kadhaa, acha angalau saa 18 zipite kabla ya kupanda ndege.