Kero ya maji kijijini: ifikishe redioni kabla bajeti haijafungwa

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha habari cha redio huku mkoani. Barua za "tunaiomba serikali itusaidie maji" tulizipokea kwa mafungu, na nyingi hazikusomwa hewani. Si kwa ubaya. "Hatuna maji" mhariri ameisikia tangu ajira yake ya kwanza. Lakini "pampu iliyozinduliwa na Mwenge wa Uhuru imesimama tangu masika", hapo atavuta kiti.

Kwa hiyo anza na kitu kimoja kinachoonekana. Mradi gani, ulizinduliwa lini, kibao chake kinasema uligharimu kiasi gani, na leo dumu la lita 20 linauzwa shilingi ngapi na nani. Kipige picha kile kibao. Ndiyo, ni redio, lakini mwandishi atakisoma neno kwa neno.

Kisha ipeleke hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, na uhakikishe mtendaji ameiandika kwenye muhtasari. Muhtasari wenye muhuri unamkinga mwandishi siku atakapoambiwa kwamba hao ni watu wawili watatu wenye mambo yao.

Sasa suala la wakati, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Watu hupiga kelele Juni, Waziri wa Fedha akiwa anasoma bajeti Dodoma, wakati kila shilingi imeshapata mwenyewe. Halmashauri hupanga yake mapema zaidi, na mwanzoni mwa mwaka madiwani huwa wameshaanza kuijadili. Kero yenu isikike Novemba au Desemba. Irudieni Aprili, Bunge linapoanza kupitia makadirio ya wizara, ili mbunge wenu awe na cha kuuliza. Mwezi huohuo ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwekwa mezani bungeni. Mkikuta halmashauri yenu imetajwa, mpeni mwandishi namba ya ukurasa. Hana muda wa kupekua kitabu kizima.

Redio yenyewe haichimbi kisima, ila huweza kufanya jambo lionekane kubwa. Mwaka 1972 Wamarekani Maxwell McCombs na Donald Shaw walichapisha utafiti wa wapiga kura 100 wa Chapel Hill, mji wa huko Marekani, wakati wa uchaguzi wa rais wa 1968: mambo waliyoyaona makubwa yalikaribiana mno na yale ambayo vyombo vya habari viliyapa uzito. Mkurugenzi wa halmashauri huenda hajausikia utafiti huo. Ila taarifa ikitoka saa moja asubuhi, kabla hajafika ofisini mkuu wa wilaya keshampigia: "Hili la pampu likoje?" Jana lilikuwa faili, leo ni agenda ya kikao.

Msimtukane mtu hewani. Wapigieni RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kabla ya kipindi na muwape nafasi ya kujibu, maana jibu lao ndilo habari ya pili. Na bahasha kwa mwandishi, hapana. Habari ya kulipiwa hunuka, na wakubwa wanaijua harufu yake.

Mkijibiwa kwamba fundi atafika ndani ya siku 14, andikeni tarehe. Siku ya 15 mpigieni mwandishi nyinyi wenyewe. Msingoje akumbuke, ana vijiji vingine.