Ukishapiga mswaki, tema tu

Jamani, hapa Busia wengi wetu tukimaliza kupiga mswaki tunajaza kikombe maji na kusukutua mpaka ladha yote iishe. Nami nilifanya hivyo miaka mingi. Kumbe tunaimwaga dawa yenyewe! Floraidi, yaani madini yaliyomo kwenye dawa ya meno yanayolinda jino, hufanya kazi kwa kugusa jino. Hukaa kwenye mate, na asidi ya bakteria inapomumunya madini ya jino, yenyewe husaidia kuyarudisha. Gamba la jino huanza kuyeyuka asidi inapozidi, yaani pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imeongezeka) ikiwa chini ya 5.5 hivi, na mtoto anayetafuna muwa au kunywa soda hufika hapo kwa dakika chache.

Basi tema povu, liache lililobaki. Usiku zaidi, maana mate hupungua tukilala.

Dukani geuza tyubu usome: tafuta floraidi ppm (sehemu kwa kila milioni) 1000 hadi 1500. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka dawa ya meno ya aina hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu. Mtoto wa chini ya miaka 3 mpakie kiasi cha punje ya mchele tu, na umsimamie ateme asimeze.