Kumlisha Binti Kabla Hajavunja Ungo

Kimo cha binti hutegemea kwanza urithi wa wazazi wake, lakini lishe na umri wa kubalehe huchangia kuamua atafikia wapi. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla ya kuvunja ungo. Baada ya hapo homoni ya estrojeni huendelea kufunga ncha za mifupa, na kwa kawaida msichana huongeza sentimita 5 hadi 7 tu. Usingoje hedhi, basi, ndipo uijali sahani yake.

Kwa mkazi wa Mwanza, dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wanatosha kuanzia, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao na hivyo humpa mtoto protini, kalsiamu na zinki. Wachambue, waoshe kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, uwaunge kwa karanga na kuwaandaa kwa ugali na mchicha. Ugali mtupu hushibisha tu. Soda na maandazi ya kila siku huleta unene, nao unene huweza kuharakisha kubalehe: binti huwapita wenzake mapema, kisha husimama wao wakiendelea.

Mpime kila miezi 6, bila viatu, visigino vikigusa ukuta. Matiti yakianza kabla ya miaka 8, au yasipoonekana hadi 13, mpeleke kwa daktari wa watoto.